Maji kupwa, maji kujaa: shajara ya mipito ya kufifia kwenye filamu ya mwani

Jumatatu. Kupanga kabla ya kufungua programu

Filamu yenyewe ni ya dakika kumi na mbili hivi, juu ya kina mama wanaolima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Picha nyingi ziko tayari kwenye diski. Shajara hii sitaijaza habari za filamu nzima. Nitafuata jambo moja tu ndani yake: mpito, yaani namna klipu moja inavyofifia ikaipisha inayofuata. Nimeona wenzangu wanaohariri nyumbani wakiweka mpito kila penye mkato, na wengine wakiukwepa kabisa kwa kudhani ni pambo. Mimi nauona ni chombo cha kusimulia muda, na kwenye mwani muda wa kusimuliwa ni mwingi.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani hii mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na kazi yake inapangwa na bahari. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana asubuhi, mnamo saa nne, na kina mama hushuka mashambani. Alasiri, kama saa kumi, pale pale walipokuwa wameinama pana maji ya kuogelea. Huo ni muda wa kwanza, saa sita tu. Muda wa pili ni wa mche: ukishafungwa kwa tai-tai, vile vikamba vifupi, kwenye kamba iliyokazwa kati ya vigingi, huachwa baharini wiki sita hivi mpaka uvunwe. Muda wa tatu ni wa kuanika, siku chache za jua kali.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Ndani ya kazi moja, mkato mkavu: mikono inafunga, uso, mikono tena, bila mpito wowote. Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa, picha moja iyeyukie ndani ya nyingine. Wiki za mche kukua zipite kwenye giza, picha ififie hadi weusi kisha ifunguke upya siku ya mavuno. Kuanika bado sijaamua.

Mpwa wangu, ambaye anahariri video za harusi na kazi yake inapendwa, ameuona mpango huu akaniambia, "Mjomba, weka hata moja ya kugeuka kama ukurasa." Kwenye harusi mipito ya namna hiyo ina mahali pake, kwa kuwa mtazamaji anajua tayari kinachotokea na anachotaka ni shangwe. Hapa mtazamaji wa mbali hajui kama yale maji yanarudi leo au mwezi ujao. Mpito ndio utakaomwambia.

Jumanne. Klipu, fremu na akiba

Nafanya kazi kwenye Kdenlive, programu ya kuhariri video. Ni ya bure, inakubali kompyuta yangu ya zamani, na ndani yake inaendeshwa na MLT, mtambo ule ule unaoendesha Shotcut, programu nyingine ya kuhariri, kwa hiyo mengi nitakayoandika hapa yanamfaa hata anayetumia Shotcut.

Mradi nimeuweka fremu 25 kwa sekunde, fremu ikiwa ni picha moja kati ya zile zinazounda video. Umeme wetu ni wa hezi 50, na zile klipu za ndani ya ghala, chini ya taa, hazichezi mwanga zikipigwa kwa kasi hiyo. Kamera kubwa ilipiga hivyo hivyo. Simu ndiyo iliyoleta kazi, maana simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilika, mara fremu 30, mara 28, kutegemea mwanga. Kwenye mkato mkavu huenda usione kitu. Ndani ya mpito picha mbili zinakwenda pamoja, na ile inayosuasua inajulikana mara moja, hasa kwenye mawimbi. Kdenlive iligundua klipu hizo nilipoziingiza, ikapendekeza kuzigeuza ziwe na kasi moja. Nilikubali. Diski imejaa haraka, ila sasa kila klipu inatembea sawasawa.

Sasa akiba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokwamia. Mpito wa kuyeyusha ni klipu mbili zinazoonekana kwa wakati mmoja. Ukitaka mpito wa sekunde moja uliogawanyika sawa pande zote za mkato, klipu ya kwanza lazima iendelee nusu sekunde baada ya mkato, na ya pili iwe imeanza nusu sekunde kabla. Kwa fremu 25 hizo ni fremu 12 au 13 kila upande. Fremu hizo hazipatikani hewani. Ni lazima ziwe zilirekodiwa, zimefichwa nyuma ya ncha ulizokata. Kama umeitumia klipu tangu fremu yake ya kwanza mpaka ya mwisho, programu haina cha kuchanganya, hivyo itakataa, au itaufupisha mpito. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, nayo itakuonya, kisha ikuulize kama uko tayari klipu zako zipunguzwe.

Ndiyo maana ukiwa nje unapiga picha, kazi ya mama ikiisha usizime kamera. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, ndipo ubonyeze. Na kabla hajaanza, vivyo hivyo. Leo nimepitia klipu zote ambazo zitaguswa na mpito, nikazipunguza ncha zote mbili hata pale ambapo sikupenda kuzipunguza, ili kila moja ibaki na akiba ya sekunde mbili au zaidi.

Jumatano. Mpito wa kwanza

Kwenye Kdenlive kuna njia mbili za karibu. Ya kwanza ni kupeleka mausi kwenye kona ya juu ya klipu. Kidude cha duara hutokea, ukikivuta kuelekea ndani picha inafifia kutoka weusi au kwenda kwenye weusi, na kadiri unavyovuta ndivyo kufifia kunavyokuwa kurefu. Ya pili ni ya kuchanganya klipu mbili zilizogusana kwenye treki moja, yaani mstari mmoja wa kupangia klipu: ichague klipu ubonyeze herufi U, au ubofye mara mbili pale zinapokutana. Njia hii ya pili iliingia na toleo la 20.12, mwishoni mwa mwaka 2020. Kabla ya hapo ilibidi klipu moja ipandishwe treki ya juu, na mipito ikiwa mingi mradi mzima unakuwa ngazi ya vipande vilivyopishana.

Kwenye Shotcut unaivuta klipu ipande juu ya jirani yake, na pale zinapolaliana mpito unajitengeneza. OpenShot ni hivyo hivyo. Wanaohariri kwa simu kwenye CapCut wanagusa kile kisanduku kidogo kilicho kati ya klipu mbili. Yote ni kazi moja, lakini kuna tofauti ambayo inafaa kujulikana mapema. Kdenlive inachukua fremu kutoka kwenye akiba, na urefu wa filamu haubadiliki. Ukilalisha klipu juu ya nyingine, filamu inafupika kwa urefu wa mpito ule, na kama chini yake kuna maelezo uliyokwisha kuyapanga, sauti na picha vinaanza kuachana.

Nilianza na mpito mkuu wa filamu: shamba likiwa kavu, kisha shamba hilo hilo likiwa limefunikwa na maji. Picha zote mbili zilipigwa kutoka ukutani, juu ya ufukwe. Siku ya kupiga tuliweka alama ya chokaa chini ya kila mguu wa stendi, tukapima urefu wake kwa utepe, tukaacha lenzi kwenye kipimo kile kile. Hata hivyo miguu ya stendi huzama kidogo, na kichwa chake hulegea.

Ili kuona tofauti, niliipandisha picha ya maji kujaa treki ya juu, nikaipunguza opasiti, yaani kiasi cha picha kuziba kilicho nyuma yake, hadi nusu. Hapo kasoro zote zikajitokeza. Upeo wa bahari ulikuwa mistari miwili, upande wa kushoto ikikaribiana na upande wa kulia ikiachana. Mnazi uliopo pembeni ulikuwa na makuti mara mbili. Nikaweka efekti ya kugeuza na kusogeza kwenye picha ya juu, nikaizungusha chini ya nyuzi moja, nikaisogeza juu kidogo kidogo hadi ile mistari miwili ya upeo ikawa mmoja. Kuzungusha huacha pembe nyeusi, kwa hiyo nikaikuza picha hadi asilimia 103 kuzifukia. Makuti ya mnazi hayakutaka kulingana kwa sababu upepo ulikuwa mwingine, na nikaona ni vizuri: jicho linapata kitu kimoja kinachoonyesha kuwa saa zimepita. Upeo ndio haukuwa na ruhusa ya kutikisika.

Mbinu hii ya kuyeyusha picha ina umri mkubwa kuliko sinema. Katika karne ya 19, Uingereza, watu walikuwa wakionyesha picha zilizochorwa kwenye vioo kwa taa mbili za kurushia picha ukutani. Moja ilipunguzwa mwanga huku nyingine ikiongezwa, na kijiji cha kiangazi kikageuka cha theluji. Baadaye Georges Méliès, mtengeneza filamu wa Ufaransa, alifanya hivyo ndani ya kamera: analifunga tundu la lenzi polepole, anarudisha filamu nyuma, kisha anapiga picha ya pili juu ya ile ya kwanza huku akilifungua. Alilazimika kuamua mpito siku ya kupiga. Alama zetu za chokaa ni za ukoo huo.

Alhamisi. Giza la katikati

Leo nimelinganisha namna mbili za kutengeneza mpito ule ule, nikairenda kila moja peke yake, yaani nikaitoa iwe video kamili. Namna ya kwanza ni ile herufi U. Namna ya pili ndiyo inayofundishwa sana: klipu ya juu inashushwa opasiti kutoka 100 hadi 0, na wakati huo huo ya chini inapandishwa kutoka 0 hadi 100. Inaonekana ya haki, moja inatoka na nyingine inaingia.

Nilimtumia shangazi video zote mbili bila kumweleza. Yeye ni mkulima wa mwani, na ndiye anayeonekana kwenye picha nyingi. Akanipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii ya pili, hapa katikati mbona pametanda kiza? Siku ile hakukuwa na wingu hata moja."

Ameona sawasawa, na hesabu inamuunga mkono. Chukua sehemu ya mchanga ambayo mwangaza wake ni 200 kwenye picha zote mbili. Katikati ya mpito klipu ya juu iko nusu, kwa hiyo inatoa 100. Inabakisha nusu ya nafasi kwa kilicho chini yake. Lakini cha chini nacho kiko nusu, kwa hiyo kinachopita ni nusu ya nusu, 50 tu. Jumla ni 150. Robo ya mwanga imepotea, na mahali pake umeingia weusi ulio nyuma ya treki zote. Mpito unapiga kope.

Dawa yake ni kuiacha klipu ya chini ikiwa kamili tangu mwanzo, ya juu peke yake ndiyo ififie. Hapo katikati unapata 100 ya juu na 100 ya chini, na 200 yako iko palepale. Ile herufi U inafanya hivyo yenyewe. Ila kwa wanaopanga kwa mkono, kwa vituo vya opasiti, yaani alama za kubadilishia kiwango chake, kwenye treki mbili, jambo hili ni la kushikwa sana, kwa kuwa programu haitakuonya. Video itatoka, na macho ya mtu aliyekuwepo ndiyo yatakayogundua.

Kuna giza jingine dogo ambalo halitokani na hilo. Namba za mwangaza kwenye video hazilingani moja kwa moja na mwanga halisi, kwa kuwa nusu ya namba hutoa kama asilimia 22 tu ya mwanga wa skrini. Programu nyingi huchanganya namba na si mwanga, hivyo kitu cheupe kikiyeyukia kwenye cheusi hushuka haraka. Premiere Pro, nayo ya kuhariri video, ina mpito wa aina ya filamu unaochanganya kwa mwanga wenyewe, na hapo vyeupe hung'ang'ania hadi mwisho, kama ilivyokuwa kwenye filamu za utepe. Kwenye picha zangu tofauti ilikuwa kwenye povu la mawimbi tu. Nimeliacha.

Ijumaa

Baada ya sala nimerenda tu, na kunakili kila kitu kwenye diski ya pili.

Jumapili. Kuangalia pamoja

Nimekwenda Jambiani na kompyuta. Tumekaa barazani, shangazi na majirani zake, tukaangalia rasimu nzima. Niliwaomba waseme popote wanapoona uongo.

Kwenye mpito wa maji walicheka kwanza. Kisha mmoja wao akasema, "Hawa bado wameinama, na maji yameshafika juu ya vichwa. Watu wa bara watadhani tumezama." Kwa kweli, mpito ulikuwa unaanza wakati kina mama wawili bado wako ndani ya picha, na kwa sekunde mbili miili yao ilikuwa inaonekana chini ya maji, ikififia. Kwa aliyezoea filamu ni lugha ya kawaida. Kwa yule anayemjua aliyeinama pale, ni picha ya kutisha, na mimi nakubaliana naye. Nimeusogeza mpito mbele hadi wa mwisho atoke pembeni mwa picha akiwa na gunia kichwani, nikaacha shamba tupu lipumue kidogo, ndipo maji yaanze.

Shangazi akaongeza la kwake. "Halafu maji hayaji hivi, mwanangu. Hayashuki kutoka juu. Huanza kwenye mkondo, pale chini, yanapanda taratibu kwenye mchanga. Wewe umeyaleta yote mara moja."

Hili limenikaa. Mpito unachanganya picha nzima kwa kiwango kimoja, kila nukta kwa wakati mmoja. Bahari haifanyi hivyo. Niliwaza kutumia mpito unaoongozwa na picha ya kijivu: sehemu nyeusi za picha hiyo hubadilika mapema na nyeupe hubadilika mwisho. Kdenlive na Shotcut zote zinakubali picha ya namna hiyo, hata ya kuchora mwenyewe, na unaweza kulainisha ukingo wake. Nilichora mkondo, nikajaribu. Ilipendeza na ilikuwa ya uongo, kwa sababu maji yaliyotokea kwenye mkondo yalikuwa ya saa kumi, yenye mawimbi yake, wala si yale membamba yanayotambaa juu ya mchanga saa sita mchana. Suluhisho likawa la miguu: bamvua bado ipo, kesho nasubiri palepale ukutani.

Jumanne. Picha ya kati

Nimepata niliyoitaka. Saa saba kasoro, mkondo umejaa, ulimi wa maji unapanda kati ya vigingi, kamba za mbele zimeanza kuelea na za nyuma bado zimelala mchangani. Stendi ilirudi kwenye alama zake za chokaa. Moja ilikuwa imefutika, tukaipata kwa kulinganisha skrini na picha ya zamani kwenye simu.

Sasa mpito ni wa hatua mbili: shamba kavu linayeyukia kwenye maji yanayoingia, nayo yanayeyukia kwenye maji yaliyojaa. Kila mmoja nimeupa sekunde nne. Sekunde nne ni fremu 100, maana yake kila fremu inabadilisha asilimia moja tu, na huwezi kusema ni wapi umeanza. Kwa picha ya watu sekunde nne ni nyingi mno, nyuso mbili zikikaa pamoja muda huo zinachanganya. Kwa bahari, stendi ikiwa imetulia, zinatosha. Kati ya mpito wa kwanza na wa pili nimeacha picha safi, isiyochanganywa, kwa sekunde tano. Bila nafasi hiyo mtazamaji haoni hatua mbili, anaona ukungu mmoja mrefu.

Kuhusu kuanika, nimeamua mkato mkavu. Mwani ukiwa umetandazwa mbichi, kata, mwani huo huo umesinyaa na rangi imegeuka. Badiliko lenyewe linaonekana, halihitaji kusaidiwa.

Jumatano. Weusi wa wiki sita

Mche umefungwa, picha inafifia hadi weusi, inafunguka siku ya mavuno. Nilitumia picha ya anga la magharibi baada ya jua kuzama, nikavuta kile kidude cha kona sekunde mbili. Angani pakatokea mistari, rangi ikishuka kwa vidaraja badala ya kushuka kwa ulaini. Video ya kawaida, ya biti 8, ina viwango 256 kwa kila rangi. Anga laini tayari linatumia vichache, na linapozidi kuwa jeusi vinavyobaki ni vya kuhesabika, kila kimoja kinakuwa utepe mpana unaoonekana kwa macho.

Kuongeza punje nyepesi juu ya picha kunavunja mistari hiyo, na nimefanya. Lakini kilichosaidia zaidi ni kubadilisha picha. Nimechukua kamba chini ya maji, mche mmoja ukiyumba, mchanga na vivuli nyuma yake. Picha yenye vitu vingi vidogo inafifia vizuri kuliko iliyo tupu. Na kwa maana pia ni bora: mche ndio unaoachwa peke yake wiki sita, anga halihusiki.

Weusi wenyewe niliuacha kimya kwanza. Mpwa wangu alipofika hapo aliigusa skrini, akidhani simu imeganda. Nikairudisha sauti. Picha inapotea, ila mawimbi yanaendelea chini yake, na kabla picha haijafunguka zinasikika sauti za kina mama wakiitana. Mtu anasubiri akijua kuna kitu kinakuja.

Alhamisi. Sauti za mipito

Sauti ina hesabu yake, tofauti na ya picha. Kwenye mpito wa maji nina mawimbi ya mbali ya asubuhi na mawimbi ya karibu ya alasiri. Ukizififisha kwa mstari ulionyooka, katikati kila moja ina nusu ya kimo cha wimbi lake, na kwa kuwa ni sauti mbili zisizohusiana, jumla yake hushuka kama desibeli 3. Sikio linasikia shimo. Mkunjo wa nguvu sawa, usioshuka kwa mstari ulionyooka, huziacha zote mbili kwenye kama asilimia 71 ya kimo hicho katikati, na shimo linajifukia. Kinyume chake, kama unaunganisha vipande viwili vya rekodi ile ile moja, mstari ulionyooka ndio sahihi, na ule mkunjo utaleta uvimbe.

Nimefanya pia jambo ambalo napendekeza kwa yeyote: sauti na picha zisibadilike pamoja. Mawimbi ya alasiri yanaanza kusikika sekunde mbili kabla maji hayajaonekana. Shamba bado ni kavu machoni, na bahari inakuja masikioni. Kwenye mikato mikavu ya ndani ya kazi nimeweka kufifia kwa fremu mbili tatu tu kila ncha ya sauti, kuondoa ule mdonoo unaosikika wimbi la sauti linapokatwa katikati.

Jumamosi. Kurenda, na WhatsApp

Wengi wa walioonekana kwenye filamu wataiona kwa WhatsApp, na WhatsApp huibana video sana. Mpito ndio sehemu ngumu kuliko zote kwa mbano. Kwa kawaida mtambo wa kubana huokoa nafasi kwa kusema "kipande hiki kimehama kutoka pale kuja hapa". Ndani ya kuyeyuka hakuna kilichohama, ila kila nukta imebadilika, na juu ya hapo bahari yenyewe haijatulia. Rasimu ya kwanza ilipofika kwenye simu ya shangazi, katikati ya mpito bahari ilikuwa vigae vya mraba.

Nakala kuu nimeirenda kwa H.264, namna ya kubana video, nikaweka CRF, namba ya kupangia ubora, kwenye 18 badala ya 23 ya kawaida. Namba ikishuka ubora unapanda, na faili linakua. Kwa WhatsApp nimetengeneza nakala ya pili, ndogo kwa vipimo vya picha, na ile mipito ya sekunde nne nimeifupisha hadi mbili. Zile punje pia nimeziondoa kwenye nakala hii, maana zinakula nafasi yote ya mbano. Vigae havijaisha kabisa, ila vimepungua kiasi cha kutovuta jicho.

Nimewatengenezea kina mama video fupi pia, kila mmoja na yake, klipu tatu tatu. Kazi ya kurudiarudia hivyo nimeipa ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za kuandika, ambayo tangu toleo la 4.3 la mwaka 2020 ina kichujio cha mipito kiitwacho xfade. Klipu zote lazima ziwe na ukubwa mmoja na kasi moja ya fremu, vinginevyo inagoma. Unaipa urefu wa mpito na sekunde ya kuanzia, na hiyo ya pili ndiyo inayowapoteza watu. Chukua klipu za sekunde 12, 9 na 15, mipito ya sekunde moja. Wa kwanza unaanza sekunde ya 11. Baada yake video ina sekunde 20, si 21, kwa kuwa moja imelaliana, kwa hiyo mpito wa pili unaanza sekunde ya 19. Jumla ni 34. Sauti haifuati yenyewe. Ina kichujio chake, acrossfade. Na ukitaka kuyeyusha kwa kawaida, chagua aina inayoitwa fade, kwa maana ile iitwayo dissolve hubadilisha nukta moja moja kwa kubahatisha, na juu ya maji inaonekana kama mchanga umemwagwa kwenye lenzi.

Jumapili

Shangazi ameiona nakala ya pili. Kwenye mpito wa maji hakusema kitu kuhusu mpito. Alisema, "Kile kigingi cha kushoto si changu, ni cha jirani," kisha akaendelea kuangalia.

Mradi wote nimeuhifadhi kwenye kumbukumbu pamoja na klipu zake, ili treki na mipito ibaki wazi kwa marekebisho. Kimebaki kichwa cha filamu na majina ya mwisho. Majina yatafifia juu ya picha ya ghala, fremu 12 kuingia na 12 kutoka, na yakae kwenye skrini muda wa kutosha kusomwa na mtu mzima asiyevaa miwani.